Doa Lisilale

Fundi viatu wa kwenye kona ya kiwanda cha kufulia anaitwa Gundi, na akiitwa huitika. Jina alipewa na marehemu mkewe, enzi za uchumba, kwa sababu kila alipomshika mkono, mkono ulinata. Naye hakukubali kushindwa. Akamwita yule binti Povu, maana alikuwa dobi, tena kicheko chake kikianza kilikuwa kinafura mpaka kinamwagika nje ya beseni. Gundi na Povu. Watu wakazoea, majina ya wazazi yakabaki kwenye vitambulisho. Sasa Povu yuko chini ya udongo, na gundi isiyo na cha kushikanisha ni uchafu tu unaokaukia kwenye kopo.

Asubuhi hiyo Gundi hakufungua kibanda. Alivaa shati lile alilozikia, akanyoa ndevu kwa haraka, akajikata kidevuni, akabandika kipande cha gazeti pale palipotoka damu, akasahau kukitoa. Akili yake haikuwa kwenye kidevu. Alikuwa na swali. Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo tangu azike, akalisugua kama anavyosugua kiatu cha bwana harusi, mpaka likang'aa, likabaki na maneno matatu tu: ufunguo ulikuwa wapi?

Kisa chenyewe si kirefu. Wakubwa walikula karamu mahali fulani. Wakubwa wakimaliza kula hawakunji wala hawafuti, huinuka tu. Vitambaa vya meza vikazolewa pamoja na vilivyokuwa juu yake, vikafungwa mafungu, vikaletwa kufuliwa. Ndani ya fungu moja lilikuwemo jagi la kioo lililovunjika. Povu akatumbukiza mkono kikapuni kama alivyoutumbukiza maisha yake yote, na kioo kikamkata kwa ndani, juu kidogo ya kiwiko, pale ngozi inapokuwa laini kama ya mtoto.

Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwepo, asikudanganye mtu. Lilitundikwa ofisini kwa Meneja, jeupe, lina msalaba, linapendeza. Ofisi ilikuwa imefungwa, na ufunguo uliondoka na mwenyewe kwenye mfuko wa suruali. Kaenda wapi? Mkutanoni. Mkutano wa nini? Wa usalama kazini. Cheka kama unaweza.

Gundi aliitwa kibandani kwake, akakimbia na aproni yake kiunoni. Alipoingia ukumbi wa kukunjia mashuka alimkuta mkewe ameegemezwa kwenye kikapu, midomo imepauka kama majivu, kikombe cha chai pembeni, na mdogo wake Povu, yule wanayemwita Kitinda kwa vile ndiye wa mwisho kuzaliwa kwao, amemkumbatia mkono. Povu akafumbua macho, akamtazama mumewe kuanzia chini.

"Gundi," akasema, "vua viatu. Sakafu imepigwa deki."

Akainama avue. Ndoa yao yote ilikuwa hivyo, yeye akiambiwa vua, anavua. Kiatu cha kwanza kilitoka. Alikuwa bado anahangaika na kamba ya cha pili aliposikia Kitinda anapiga ukelele.

Hilo hakumsimulia mtu. Alichosimulia ni ufunguo. Alimsimulia kila aliyeleta soli, kila aliyeleta zipu, mpaka wengine wakaanza kupeleka viatu vyao mtaa wa pili. "Walimuua kwa ufunguo," alikuwa anasema, midomoni ana misumari midogo. "Mwenye sanduku hana jeraha, mwenye jeraha hana sanduku. Nchi ndiyo imejengwa hivyo."

Kilichomfanya alale usiku kilikuwa kitu kimoja. Siku ya matanga, Kitinda alikaa karibu naye akamwambia, sauti imekauka kwa kulia, "Shemeji, dada hakuondoka mchafu. Kila kitambaa kilipopata damu nilikitoa nikamwekea kingine. Mpaka dakika ya mwisho alikuwa kwenye kitambaa cheupe." Na Gundi akamshika kichwa, akamwambia, "Mungu akulipe, shemeji." Maneno hayo aliyatandika kama mkeka, na kila siku alijilaza juu yake.

*

Ukumbi wa kukunjia ulikuwa umepangwa viti kwa ajili ya mafunzo ya huduma ya kwanza. Mashine zilizimwa, jambo ambalo halijawahi kutokea hata siku ya msiba. Ukutani, juu ya rundo la mashuka meupe yaliyofika karibu na dari, yalikuwepo yale maandishi mekundu ya tangu zamani: DOA LISILALE. Kila dobi aliyeingia pale alifundishwa hayo kabla ya kufundishwa choo kiko wapi. Doa ukiliona, kitambaa unakiondoa hapo hapo, unakitosa kwenye maji baridi ya chumvi, unachukua kingine. Ukilichelewesha likalala, limekuwa la kwako, unaitwa ofisini.

"Shemeji wa wote, una gazeti kidevuni," alisema Mama Pasi, mwanamke mpana anayesimamia wapiga pasi. "Au ndiyo habari za leo?"

Gundi akalibandua. Damu ikaanza upya, akaifuta kwa kiganja, akaendelea kuifuta.

"Umekuja kutulilia au umekuja kusoma?" Mama Pasi alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza mwishoni, basi. Ukiuliza mwanzoni watakutoa, na mimi leo sina nguvu za kubeba mwanaume."

Kitinda alikuwa safu ya mbele, kitambaa cheupe kichwani, mikono mapajani. Alipomwona shemeji yake alitabasamu kidogo. Tangu dada yake afe alikuwa anampelekea Gundi chakula kila jioni, anamfulia, anamwachia sahani imefunikwa, anaondoka bila kukaa. Gundi hakuwa na mtoto. Alikuwa na Kitinda na sahani iliyofunikwa.

Meneja akaingia na wakaguzi wawili wa usalama kazini, wale waliopelekewa malalamiko ya Gundi. Wafanyakazi walimwita Meneja huyo Bwana Kesho, kwa sababu hajawahi kuombwa glavu, feni wala likizo akajibu neno jingine. Siku hiyo alivaa suti, na mkononi alibeba sanduku jipya, la kijani.

"Wapendwa," akaanza. Watu wakatazamana. Wapendwa tangu lini? "Kampuni yenu inawajali. Hili hapa litakaa ukumbini, na ufunguo utaning'inia kwenye kamba, hapo hapo. Yaliyopita si ndwele."

Kifua cha Gundi kikafura. Ndwele amezizika yeye, wenzake wanaganga yajayo. Lakini alijizuia. Mwishoni, mbele ya wakaguzi, ndipo angesimama.

Aliyeletwa kufundisha alikuwa nesi mfupi mwenye mfuko mkubwa na sauti ya kuuzia samaki. Hakuwajua hawa watu, na wao hawakumjua. Akaanza na kuungua, kwa vile alisikia pasi zao zinatoa mvuke.

"Mtu akiungua hapa mnafanyaje?"

"Tunampaka dawa ya meno!" wakaitikia karibu wote.

"Dawa ya meno ni ya meno. Mkono wako umeota meno, mama?"

Kicheko kikapasuka. Mama Pasi akanyoosha mkono wenye makovu kama ramani. "Sasa mimi nimepakwa dawa ya meno miaka yote, ndiyo maana mkono huu unauma watu!"

Hata Gundi alicheka, akashtuka kujisikia. Nesi akaeleza: maji ya bomba, ya baridi ya kawaida, yatiririke juu ya palipoungua muda mrefu, mpaka mtu achoke kusimama. Pete na bangili zitoke kabla mkono haujavimba. Malengelenge yasitumbuliwe. Mafuta, unga, yai, asali, vyote viachiwe jikoni. Kisha funika kwa kitu kisafi kisichonata.

Halafu akamwambia Mama Pasi alale chini, awe mgonjwa. Mama Pasi akalala kwa mbwembwe, akaaga watoto wake kwa majina, watu wakacheka tena.

"Huyu amepoteza damu nyingi," Nesi akasema. "Ngozi ya baridi, jasho, midomo imepauka, anapumua haraka, anaongea maneno ya juu juu. Mnafanyaje?"

"Tunamkalisha," akasema Mama Pasi palepale alipolala. "Tunampa chai ya sukari, apate nguvu."

"Ukimkalisha, damu kidogo iliyobaki inakimbia kichwa. Mlaze. Miguu iinue, iweke juu ya kikapu. Mfunike asipate baridi. Chai usimpe, wala maji. Kaa naye, msemeshe, na gari liitwe."

Mama Pasi alibaki amelala, akitazama dari. Nesi akamgonga bega. "Mgonjwa, umepona, inuka." Aliinuka polepole kama mtu aliyelala kweli, akarudi kwenye kiti, na ule mzaha wake haukurudi naye.

Gundi alikumbuka kikombe pembeni ya kikapu. Alikuwa anakikumbuka kama kitu cha wema.

"Sasa damu yenyewe," Nesi akasema. "Hapo ndipo watu wengi wanapofia mikononi mwetu." Akalitazama lile sanduku la kijani, akaligonga kwa kidole. "Sanduku zuri. Lakini nisikilizeni. Damu ikiruka, usikimbilie sanduku. Wakati unatafuta ufunguo, mtu anaisha. Unahitaji vitu viwili: kitambaa kisafi na mkono wa kukandamiza. Na nyie hapa," akainua macho kwenye lile rundo linalokaribia dari, "nyie mna vitambaa kuliko hospitali yangu."

Watu walicheka kidogo. Gundi hakucheka. Alihisi kitu kinamteleza mkononi. Ufunguo. Amelala nao, amekula nao, na huyu mwanamke mfupi ameutupa dirishani bila kujua kwamba ni wa mtu. Alijaribu kuukamata tena. Bado ilikuwa kosa lao! Bado! Lakini swali lingine lilikuwa limeshaingia bila kubisha hodi: kama kitambaa na mkono vinatosha, na vitambaa vilikuwepo, na mikono ilikuwepo, Povu alikufa kwa nini?

Nesi alitoa mpira mwembamba wenye maji mekundu, akaufunga kwenye mkono wa mpiga pasi mmoja. "Nani atakuja kuzuia damu? Wewe binti wa mbele. Njoo."

Kitinda akasimama.

Alichukua kitambaa kwenye rundo, akakikunja mara moja kwa ule wepesi wao, akakandamiza. "Vizuri," Nesi akasema, "kwa nguvu, kama unaziba bomba lililopasuka. Mkono uinuke juu ya kifua. Vizuri kabisa." Na akauminya ule mpira. Wekundu ukapenya, ukachanua katikati ya kitambaa cheupe.

Mkono wa Kitinda haukumngoja mwenyewe. Ulikibandua kile kitambaa, ukakitosa kwenye ndoo iliyokuwa kando, ukachomoa kingine, ukakiweka, yote haraka kuliko kupepesa jicho. Wekundu ukachanua tena. Mkono ukabandua tena.

"Hapo!" Nesi akapiga makofi, anacheka. "Simama hapo hapo! Mmeona? Hapo ndipo binti ameshamuua mgonjwa wake!"

Hakuna aliyecheka.

Nesi alidhani hawajaelewa, akaendelea kueleza, maskini, kwa moyo mmoja. "Damu ina gundi yake. Ikipata kutulia inaganda kwenye kitambaa, inajitengenezea kizibo. Ukitoa kitambaa, umeng'oa kizibo, unaanza mwanzo. Kitambaa cha kwanza hakitolewi. Kikiloa, unaweka kingine juu yake. Na kingine. Kiwe kichafu, kiwe cha kutisha, kiache. Usafi wa kubadilisha badilisha ndio unaommaliza."

Kitinda alikuwa amesimama, kitambaa chekundu mkononi, maji yanamdondokea miguuni. Hakumtazama Nesi. Aligeuza shingo kidogo kidogo mpaka macho yake yakamfikia shemeji yake, na Gundi akayaona. Siku ya mazishi hayakuwa hivyo. Siku ya mazishi yalikuwa macho ya mtu aliyefiwa.

Kila kitambaa kilipopata damu nilikitoa nikamwekea kingine. Mkeka wake. Mkeka aliolalia.

Gundi alisimama. Hakujua amesimama kwa ajili gani. Miguu ilikuwa imezoea kwamba leo itasimama, basi ikasimama.

"Naam, mzee wetu," Meneja akasema kabla ya mtu mwingine. Huyu bwana hakuwa mjinga, tusimpunguzie. Alikuwa amekaa pembeni anasikiliza, na uso wake ulianza kunawiri tangu pale Nesi alipoligonga lile sanduku. "Waheshimiwa wakaguzi, huyu ndiye mume wa marehemu. Tumeishi naye kwa subira. Amezunguka mtaa mzima akisema kampuni imemuua mkewe kwa ufunguo. Leo mtaalamu, ambaye si wa kwangu, amesema mwenyewe: ufunguo si kitu. Ni kukandamiza. Ni vitambaa." Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kununua dukani. "Wahenga hawakukosea. Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa tuulizane kwa upendo, tujifunze: siku ile, nani alikuwa anabadilisha vitambaa?"

Mkaguzi mmoja akainua kalamu. Nesi akageuka huku na huku, mkono mdomoni. Sasa alikuwa ameelewa amesema nini, na mbele ya nani.

Kitinda akafungua kinywa.

"Mimi," akasema Gundi.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Meneja akamtazama. "Wewe?"

"Mimi. Niliitwa, nikaja, nikamshika mke wangu mkono. Kitambaa kikiloa natoa, naweka kingine. Mimi ni fundi viatu, nani kanifundisha?"

"Mzee, wewe nasikia ulifika mwisho mwisho. Hukuwa hata—"

"Alikuwepo." Mama Pasi alisema bila kusimama. "Nilimwona kwa macho haya mawili. Au macho yangu nayo yako kwenye mfuko wako, Meneja?"

"Alikuwepo," akasema mpiga pasi mwenye mpira mkononi.

"Tangu mwanzo," akasema mwingine nyuma. "Tulimkataza, hakusikia. Si mnamjua Gundi, akishika kitu haachii."

"Shemeji," Kitinda akasema, karibu bila sauti. "Shemeji, usi—"

"Kaa chini, shemeji," Gundi akamwambia. "Kaa. Umesimama sana."

Akakaa. Alikaa palepale sakafuni, kwenye maji mekundu.

Mkaguzi akamuuliza Gundi, kwa heshima, kama ana uhakika na anachosema. Akasema anao. Kama anaelewa kwamba malalamiko yake dhidi ya uongozi basi yatakuwa hayana mguu wa kusimamia. Akasema anaelewa.

"Tuliambiwa ulikuwa na swali," mkaguzi akasema.

Na hapo, Mungu ana mizaha yake, ndipo Gundi alipoliona swali lenyewe. Si lile la ufunguo. Macho yake yalipanda juu ya rundo la mashuka mpaka kwenye yale maneno mekundu, marefu kama mtu. DOA LISILALE. Ni nani aliyeandika vile? Ni nani aliyechukua binti wa watu, akaifundisha mikono yake kitu kimoja miaka yote, akamwita ofisini kila mkono ulipochelewa, mpaka mkono ukawa unaogopa doa kuliko kifo? Akaacha kumfundisha hiki cha leo, ambacho kimechukua asubuhi moja? Wao. Wao, wao, wao! Alikuwa amewapata. Mwaka mzima alikuwa anabeba jiwe dogo, na sasa mwamba mzima uko mkononi, na adui amekaa mbele yake na tai shingoni.

Lakini mikono ya fundi viatu haikufundishwa na ukuta ule. Akilisema neno hilo, kila mtu atajua ni mikono ya nani.

"Sina swali," akasema.

Akakaa. Kidevu kilikuwa bado kinavuja kidogo, tone limeangukia kola ya shati la mazishi. Hakuna dobi aliyeinuka kulifuta.

*

Baadaye zilitolewa soda. Meneja akamfuata mpaka mlangoni, akampa mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Pole sana mzee wangu. Ajali haina kinga. Hatutalisema tena." Gundi aliupokea mkono ule. Katika yote aliyoyafanya siku hiyo, hilo ndilo lililomchukua nguvu. Kuuzika mwili wa mtu unayempenda ni kitu kimoja. Kumpa mkono aliyekuharibia, tena akiwa ametabasamu, ni kaburi jingine, na hilo unajichimbia mwenyewe.

Nesi alimkimbilia nje, mfuko unampiga kiunoni.

"Baba, nisamehe. Wallahi sikujua. Ningejua nisingesema vile."

"Umesema kweli."

"Sikiliza. Nimeambiwa alipokatwa. Mshipa ule wa ndani ya mkono ni mkubwa. Ukikatika, hata sisi hospitalini, na taa, na kila kitu, wakati mwingine unatushinda. Inawezekana hata kama angekandamizwa vizuri asingefika hospitali."

Gundi alimtazama usoni apate kujua. Hakupata. Uso ulikuwa wa mtu mwema, na watu wema husema hivyo ikiwa kweli na ikiwa si kweli.

"Inawezekana," akasema. "Nitamwambia."

Nesi alikuwa amesikia lile neno, nitamwambia, na hakuuliza nani.

Gundi akafungua kibanda. Kulikuwa na kiatu cha mtu kilichoachwa jana, soli imeachama kama mdomo wa samaki. Alikisugua, akapaka gundi pande zote mbili, akangoja ikauke kidogo. Kivuli kikaingia. Kitinda. Gauni lake lilikuwa na wekundu kuanzia magotini hadi chini, rangi ya maji ya Nesi, na hakuwa amelibadilisha. Tangu amjue, Gundi hakuwahi kumwona na doa.

Alikaa kwenye kigoda cha wateja.

"Nilimuua," akasema.

"Nesi amesema mshipa ule ni mkubwa. Amesema hata hospitali wakati mwingine—"

"Amekuambia hivyo kwa huruma. Na wewe unaniambia kwa huruma."

Hivyo hivyo ndivyo Gundi mwenyewe alivyowaza aliposikia maneno ya Nesi.

"Alikuwa ananiambia," Kitinda akaendelea, akiitazama mikono yake. "Dada. Alikuwa anasema, mdogo wangu, shikilia tu, usihangaike na vitambaa. Nikamwambia, tulia dada, nakusafisha. Nilikuwa najivunia, shemeji. Mpaka leo asubuhi nilikuwa najivunia."

Gundi alitafuta cha kumwambia. Alitafuta kwenye mkeka wake wa zamani, akakuta haupo. Alitaka kumwambia kuhusu ukuta ule, kuhusu maneno mekundu, kwamba si yeye, ni wao. Akaanza. "Yale maandishi pale juu, shemeji, wale watu ndio..." Lakini alimwona hasikii. Hasira ilikuwa chakula chake yeye. Huyu hakuwa na njaa ya namna hiyo.

Na kwa mara ya kwanza alikuwa na mtu wa kumlaumu karibu kabisa, aliyeketi kwenye kigoda chake, na alipopapasa ndani ya kifua amtafutie hasira, alikuta sahani. Sahani iliyofunikwa, kila jioni.

Gundi ya kiatu ilikuwa tayari. Akaunganisha soli na ngozi, kisha badala ya kukitia kwenye kibanio chake cha chuma, akamwekea Kitinda kile kiatu mapajani.

"Shika hapa na hapa. Bana."

Akabana. Baada ya muda kidogo, vidole vyake vikaanza kulegea, kidole gumba kikaenda ukingoni, kinataka kuifunua soli, kione.

"Usifunue," Gundi akasema. "Ukifunua, umeharibu."

"Sasa nitajuaje kama imeshika?"

"Hujui. Unabana tu."

Akabana. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye kiatu cha mtu wa watu, na Gundi aliyaacha yadondoke. Akavua viatu vyake, kimoja, kisha cha pili, akaviweka pembeni, akakaa chini miguu mitupu karibu na kigoda. Pale jirani mashine za kiwanda ziliwashwa tena, zikaanza kuvuma.

"Nimechoka mikono, shemeji."

"Najua," akasema, na akaweka mikono yake yenye kunata juu ya ile ya Kitinda, wakabana wote wawili.